Mgonjwa Akiuguzwa Nyumbani, Mkaguzi ni Nani?

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo linalozidi kuingia katika familia zetu, nalo ni kumwajiri mtu aje kumtunza mgonjwa nyumbani. Zamani kazi hiyo ilifanywa na binti, mkwe au shangazi. Siku hizi watoto wengi wako mijini au ng'ambo, na wazazi wetu huishi miaka mingi na kiharusi, kisukari, presha au saratani. Basi ndugu wanachanga fedha, wanatafuta mtu, na mtu huyo anakabidhiwa funguo za nyumba pamoja na uhai wa mzazi. Je, tunamjua ni nani? Na akishaanza kazi, nani anamkagua?

Kisa cha mzee mmoja

Mzee huyu alikuwa mkulima wa kahawa, mwenye umri wa zaidi ya miaka sabini. Alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukapooza, lakini kusema alisema vizuri. Alilazwa kwetu wiki tatu. Siku ya kuondoka hakuwa na kidonda hata kimoja.

Watoto wake walimtafutia "nesi" kwa njia ya mtu wanayefahamiana naye. Alikuja binti mwenye gauni jeupe, mpole, na watoto wakarudi kazini kwao wakiwa na amani. Kila mwisho wa mwezi walituma mshahara. Kila Jumapili walipiga simu, wakajibiwa kwamba Baba anaendelea vizuri.

Baada ya wiki saba mzee alirudishwa kwetu akiwa na homa kali. Tulipomgeuza tulikuta kidonda juu ya kifandugu, yaani pale mwisho wa uti wa mgongo, ambacho kilikuwa kimefika kwenye mfupa. Visigino navyo vilikuwa vyeusi. Kijana wake mkubwa alimgeukia yule binti kwa hasira. Ndipo ilipojulikana kwamba hakuwa nesi. Aliwahi kufanya usafi katika zahanati, na gauni alilipata huko.

Mzee alituita karibu akasema: "Wanangu, msimfokee. Uji wangu sikuukosa hata siku moja. Hakuna aliyemwambia kwamba natakiwa kugeuzwa."

Maneno hayo yalituchoma. Tulikwenda kuitazama karatasi ya kumruhusu mgonjwa, iliyoandikwa hapa hapa kwetu. Ilisema: aendelee na dawa, afanye mazoezi, arudi baada ya mwezi. Juu ya kumgeuza haikuwa na neno. Binti alijiita asivyo, watoto hawakuuliza, nasi hatukufundisha. Makosa matatu, na aliyeyalipa ni mzee peke yake.

Wodini kuna macho mengi

Mgonjwa akiwa wodini, hata kama hospitali ni maskini, macho mengi yanamwangalia. Muuguzi wa usiku humkabidhi kwa muuguzi wa asubuhi. Msimamizi wa wodi hupita, daktari hupita, na ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha pili naye huona. Kinachofanyika huandikwa katika jalada, na muuguzi akikosea yuko mtu wa kuliona kosa lake.

Nyumbani mlango hufungwa. Mtunzaji hubaki na mgonjwa peke yao, mara nyingi mgonjwa asiyeweza kusema au mwenye kusahau. Kazi ikifanywa vizuri hakuna anayesifu, na ikifanywa vibaya hakuna anayejua mpaka mgonjwa aharibike. Kwa hiyo hata mtunzaji mwema anahitaji kukaguliwa. Jicho la pili humsaidia yeye pia.

Sheria inasema nini?

Hapa Tanzania wauguzi na wakunga wanasimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Ili mtu afanye kazi ya uuguzi haitoshi kuwa na cheti cha chuo. Ni lazima jina lake liwe katika daftari la Baraza na awe na leseni ambayo haijapita muda wake. Sheria inakataza mtu asiye na sifa hizo kujiita muuguzi. Baraza lina uwezo wa kupokea malalamiko na kumchukulia hatua muuguzi aliyekwenda kinyume na maadili ya kazi.

Lakini tuelewe mpaka wa sheria hiyo. Inawahusu wauguzi na wakunga. Mtu mnayemwajiri kumwogesha mgonjwa, kumlisha, kumbadilisha nguo na kumgeuza, kama si muuguzi, hayumo katika daftari la Baraza. Si kosa kumwajiri mtu wa namna hiyo. Kazi nyingi za kumtunza mgonjwa zinaweza kufanywa vizuri na mtu mwaminifu aliyefundishwa. Kosa ni kumwita nesi na kumpa kazi za nesi.

Basi tutenganishe kazi. Kuchoma sindano za mshipa, kutundika dripu, kuweka mpira wa mkojo, kuingiza mpira wa kulishia kupitia puani, na kusafisha kidonda kikubwa ni kazi za mtaalamu mwenye leseni. Kuogesha, kulisha kwa mdomo, kusafisha kinywa, kugeuza, kunyoosha viungo na kutoa dawa za kumeza kama zilivyoandikwa ni kazi ambazo mtunzaji aweza kuzifanya akishafundishwa. Hata sindano ya insulini, ndugu au mtunzaji anaweza kufundishwa kuichoma, lakini afundishwe na mtaalamu, naye mtaalamu amwone akiichoma mwenyewe kabla ya kumwachia.

Maswali matano ya mkaguzi

Zipo nchi ambazo utunzaji wa majumbani ni kazi yenye wakaguzi wake. Kwa mfano Uingereza, ambako baadhi ya vijana wetu wa Afrika Mashariki wamekwenda kuifanya kazi hiyo. Huko, shirika linalopeleka watunzaji majumbani kuwaogesha na kuwalisha wagonjwa hulazimika kusajiliwa na chombo kinachoitwa Care Quality Commission, kilichoanza kazi mwaka 2009. Wakaguzi wake huuliza mambo matano, kisha hulipa shirika daraja, na daraja hilo hutangazwa ili kila familia ilione.

Hatusemi kwamba huko mambo yote ni safi. Mwaka 2024 ripoti ya Dk Penny Dash, iliyoagizwa na serikali yao, ilikilaumu chombo hicho chenyewe kwa kuchelewesha ukaguzi na kwa udhaifu mwingine. Ila maswali yale matano ni mazuri, na hayahitaji ofisi wala gari. Familia yoyote inaweza kuyauliza sebuleni kwake. Hebu tuyaangalie moja moja.

1. Je, mgonjwa yuko salama?

Kabla ya kumwajiri mtu, taka kitambulisho chake na uandike anwani ya kwao. Ongea na watu wawili aliowahi kuwafanyia kazi, si kwa barua tu bali kwa kuwasikia. Akisema ni muuguzi, mwombe leseni yake, soma jina na tarehe ya mwisho, kisha namba yake ihakikiwe kwa Baraza. Muuguzi wa kweli hachukii kuulizwa leseni, kwa sababu hata hospitali humwuliza.

Akishaanza, angalia mikono. Ananawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kumlisha mgonjwa na baada ya kumsafisha? Ana glavu za kushikia uchafu na damu? Sindano zilizotumika zinawekwa katika chombo kigumu chenye kifuniko na kurudishwa zahanati, au zinatupwa shimoni ambako watoto huchezea? Mfuko wa mkojo unaning'inia chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu? Mgonjwa analishwa akiwa ameketi, na kuachwa ameketi kama nusu saa baada ya kula, ili asipaliwe?

2. Je, utunzaji unaleta faida?

Hapa jibu liko katika mwili wa mgonjwa. Mkague ngozi kila siku, mwangaza ukiwa mzuri: kifandugu, nyonga, visigino, mabega, viwiko, masikio na kisogo. Wengi husubiri kuona wekundu. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Tafuta sehemu iliyozidi kuwa nyeusi, iliyo ya moto au ya baridi kuliko jirani yake, iliyo ngumu au iliyo laini kama inataka kubonyea. Hiyo ni dalili ya kwanza. Mwondolee mgonjwa uzito pale mara moja, wala usipasugue, maana kusugua kunazidi kuharibu nyama iliyo chini.

Mgonjwa asiyejiweza kitandani kwa kawaida tunamgeuza kila baada ya saa mbili: upande wa kulia, chali, upande wa kushoto. Msimburute, mwinueni watu wawili kwa kutumia shuka. Wekeni mto chini ya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa godoro. Shuka iwe kavu na isiwe na mikunjo. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hakuna mahali methali hiyo ni kweli kuliko kwenye kidonda cha kulalia. Ufa wake huzibwa kwa mto na saa ya ukutani. Ukuta wake hujengwa kwa miezi ya kusafisha kidonda, fedha nyingi, na pengine mazishi.

3. Je, mgonjwa anatunzwa kwa utu?

Mtunzaji anapomwogesha mama mzee, mlango umefungwa na mwili umefunikwa, au watoto wanapita? Anaongea naye, au anaongea juu yake kama vile hayupo? Anamwita kwa heshima aliyoizoea, Bibi, Mama au Mzee, au anamwita "huyu"? Mgonjwa anayenyamaza ghafla mtunzaji aingiapo, anayeogopa kuguswa, au mwenye michubuko isiyo na maelezo, anakueleza jambo bila kusema.

4. Je, mgonjwa anasikilizwa?

Tuna methali isemayo mgonjwa haulizwi uji. Katika kumkaribisha mgeni mgonjwa methali hiyo ni sawa, maana umpe tu bila kumsumbua. Lakini katika kumtunza mtu mwezi baada ya mwezi, mgonjwa aulizwe. Aulizwe kama anautaka huo uji au angependa ndizi. Aulizwe anataka kuoga asubuhi au jioni, na kama maumivu yanamzuia kulala. Kila mtu wa familia atafute nafasi ya kuongea na mgonjwa bila mtunzaji kuwepo. Simu ya Jumapili inayopokelewa na mtunzaji haihesabiki. Yule mzee wetu aliulizwa hali yake kupitia kwa binti wiki saba mfululizo, na hakuna aliyemwuliza mwenyewe.

5. Je, kuna anayeongoza?

Ndugu sita wakichanga fedha bila msimamizi, kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia. Chagueni mmoja, kwa jina, awe msimamizi wa utunzaji. Bora awe anayeishi karibu, hata kama si yeye atoaye fedha nyingi. Aende nyumbani angalau mara moja kwa wiki, siku isiyotangazwa. Aifunue shuka, aitazame ngozi kwa macho yake. Asione aibu. Akiwa ni mtoto wa kiume na mgonjwa ni mama yake, amtume dada au mkwe atazame, lakini lazima atazame mtu. Jumuiya zetu ndogo ndogo huwatembelea wagonjwa, nazo zaweza kusaidia hapa. Wale akina mama wanaokuja kumwona mgonjwa wapewe nafasi ya kumgeuza na kumbadilisha shuka, maana wanaokaa sebuleni kunywa chai hawataona kitu.

Daftari la mgonjwa

Nunueni daftari moja la shule, lichoreni mistari, liwe kando ya kitanda. Kila siku liandikwe: saa, upande aliogeuziwa, alichokula na kunywa, dawa alizopewa, mkojo na choo, hali ya ngozi, na jina la aliyeandika. Mwenye kisukari au presha, vipimo vyake viandikwe humo humo.

Daftari hilo ni jalada lenu la wodi. Msimamizi akija analisoma. Mgonjwa akipelekwa zahanati linakwenda naye, na mganga ataona katika dakika tano yaliyotokea kwa mwezi mzima. Ikiwa limeandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, wiki nzima bila doa wala kufutwa, liangalieni kwa makini, maana huenda liliandikwa siku moja jioni. Ngozi ya mgonjwa itawaambia kama daftari linasema kweli.

Mtunzaji naye ni mtu

Tusimsahau anayefanya kazi. Tumeona nyumba ambazo binti mmoja anamgeuza mgonjwa usiku, anapika asubuhi, anafua mchana na kuchota maji jioni, bila siku ya kupumzika. Mtu huyo atasinzia, na saa mbili za kumgeuza mgonjwa zitakuwa saa nane.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, pamoja na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Inataka pia mwajiriwa apewe maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Basi andikeni: kazi zipi, saa zipi, mshahara kiasi gani, nani anamshika mkono usiku. Kama mgonjwa anahitaji mtu usiku na mchana, mtu mmoja hatoshi. Ndugu washike zamu. Anayelipa vibaya na kutumikisha asitegemee kwamba mzazi wake atatunzwa vizuri.

Wakati wa kukimbilia msaada

Msisubiri siku ya kliniki mkiona mojawapo ya haya: homa, kuchanganyikiwa ghafla, kupumua kwa shida, kukataa kunywa, mkojo kutotoka, kidonda kutoa harufu au kuwa na weusi, mguu mmoja kuvimba. Mwenye kisukari akitetemeka na kutoka jasho, akiwa na fahamu zake, apewe kinywaji chenye sukari upesi, kisha apelekwe kituo cha afya.

Na mkigundua ubaya katika utunzaji wenyewe, mahali pa kwenda papo. Kama mhusika ni muuguzi, malalamiko yapelekwe kwa Baraza, au mmwone Mganga Mkuu wa Wilaya awaelekeze. Kama ni kupiga, kuiba au kudhalilisha, nendeni polisi, ambako kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Kumfukuza mtu usiku kimya kimya kunamsukuma tu kwenda nyumba ya pili, kwa mgonjwa wa pili.

Nasi wa hospitali tunayo haki ya kudaiwa. Msikubali kuondoka wodini na mgonjwa asiyejiweza kabla hamjafundishwa. Mleteni mtu atakayemtunza, mwombe muuguzi amwonyeshe kugeuza, kulisha na kusafisha, kisha mtunzaji arudie mwenyewe mkiona. Ombeni maelekezo kwa maandishi, pamoja na kazi zisizoruhusiwa. Muuguzi akisema hana nafasi, subirini. Mnayo sababu.

Yule mzee

Kidonda cha yule mzee kilichukua miezi mitano kufunga. Watoto wake walitaka kumtafuta mtu mwingine. Yeye akamtaka yule yule binti. Basi tulimwita wodini siku tano. Tulimfundisha kama tulivyopaswa kufundisha tangu mwanzo, na gauni jeupe akaliacha kwetu. Nyumbani sasa anaitwa kwa jina lake, na kazi yake inaitwa utunzaji. Kitinda mimba wa mzee, anayefundisha shule ya jirani, ndiye msimamizi. Kila Jumamosi anasoma daftari, kisha anaifunua shuka.

Mara ya mwisho tulipomtembelea, binti alitutangulia chumbani. Kabla hatujasema neno alimgeuza baba yule, akatuonyesha mgongo. Ulikuwa mkavu, na kovu limefunga.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Katika ukoo wetu, ni mgonjwa gani anatunzwa na mtu wa kuajiriwa? Mara ya mwisho nani aliitazama ngozi yake, na ilikuwa lini?

2. Tunaowaita manesi, tumeona leseni zao?

3. Msimamizi wetu ni nani, kwa jina?

4. Mtunzaji wetu anapumzika siku gani, na siku hiyo nani anashika zamu?